Mzee Aliyesema Mara Moja

Jirani wetu wa chini alitaka kupigilia bati lililong'olewa na upepo. Alikuwa ameegemeza ngazi ukutani, misumari mdomoni, wakati mzee ninayetaka kuwaambia habari zake alipokuwa anapita barabarani na kisu chake cha kukatia chai kwapani. Mzee akasimama. Akaitazama ngazi.

"Hiyo ngazi imeoza. Kipandio cha tatu kutoka juu."

"Asante, Mzee," jirani akajibu, kwa ile sauti ya mtu anayejibu bila kusikia.

Mzee hakuongeza neno. Wala hakuenda zake. Alivuka barabara, akakaa juu ya jiwe, akalaza kisu magotini, akangoja kama mtu anayengoja gari. Jirani alipanda, akashuka kuchukua nyundo, akapanda tena. Hiyo mara ya pili kipandio kikavunjika, naye akaanguka na kuvunjika nyonga.

Sasa sikiliza. Mzee yule yule aliinuka kwenye jiwe lake, akaenda kwake akaleta wilibaro, akatandika magunia, akamlaza jirani taratibu kama mtoto mchanga, akamsukuma mpaka barabara ya lami. Kutoka kwetu mpaka lami ni mlima mtupu. Na miezi yote jirani aliyolala kitandani, kila Jumapili mzee alimpelekea kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Mke wa jirani alikuwa anakipokea kwa mikono miwili, anamsindikiza mpaka langoni, halafu mzee akishapotea kwenye kona anaanza kumtukana. Kibuyu hakukirudisha hata siku moja kikiwa na kitu ndani.

Tulimwita Mkataji. Jina lake la ubatizo lilikuwepo, lakini hata kanisani walilisahau.

Mchai, kama hujaishi nao, ukiuacha unakuwa mti mrefu kuliko mtu, na majani yake yanakuwa magumu kama ngozi. Kwa hivyo kila baada ya miaka michache unakatwa, wote, mpaka karibu na goti. Shuleni walituambia neno lake ni kupogoa. Huku kwetu tunasema kupruni. Shamba lililopruniwa halitamaniki: jana lilikuwa zulia la kijani, leo ni mifupa imesimama kwa mistari. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalia nikiliona. Mama akiniambia chai itarudi nilikuwa naamini, lakini nalia hivyo hivyo, maana mimi ni mtu wa kulia upesi na kucheka upesi.

Hakuna aliyekata kama yeye. Kisu kimoja, pigo moja kwa kila tawi, na kidonda kinabaki kimeinama kidogo ili maji ya mvua yateremke yasilale pale yakaozesha. Vijana wa siku hizi wanakuja na mashine zinazonguruma, wanamaliza shamba kwa asubuhi moja na kuacha mashina yamechanikachanika. Yeye alikuwa anakaa kwenye nusu ekari siku nne. Akimaliza anapita tena kila mstari akipapasa vidonda kwa kidole gumba. Watu wakimtania, "Mzee, unaipa pole?" anajibu, "Naangalia." Neno moja.

Kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake: hakusema kitu mara mbili. Ukimwuliza bei, alikutajia mara moja. Ukiomba arudie, anaondoka. Wanawe wanne aliwalea hivyo, na nasikia mmoja alichomwa na uji mguu mzima kwa sababu aliambiwa mara moja tu kwamba sufuria iko nyuma yake. Tulifikiri ni kiburi. Mama yangu, ambaye alitoka Kisii akiwa msichana kuja kuchuma chai kwenye estate ya kampuni, na ambaye huongea kama mvua ya mawe kwenye bati, alisema, "Huyo mtu anawekea maneno akiba. Atayala akizeeka?"

Lakini yeye mwenyewe alisema alifundishwa. Na aliyemfundisha, msishangae, ni Mchina.

Zamani, kabla sijazaliwa, Mkataji alikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja cha chai, na Mchina akaja kufunga mashine. Alikaa miezi kadhaa. Kiswahili chake kilikuwa maneno kama sitini hivi, na cha Mkataji siku hizo hakikuwa kingi zaidi, kwa hivyo hekima yote ya Uchina iliyofika huku kwetu ilipitia kwenye tundu dogo kama la sindano. Mkataji alipenda kumwiga, ameinua mabega: "Nyeusi iko ndani ya nyeupe. Nyeupe iko ndani ya nyeusi. Mbili hapana, moja iko. Hakuna shida." Na nyingine: "Maji hapana sukuma. Maji nafika."

Siku ya kuondoka, Mchina alimchorea duara kwenye gunia kwa makaa. Mkataji alilihifadhi, na alipojenga stoo yake akalichora upya ukutani, upande unaotazama barabara: nusu chokaa, nusu oili chafu ya gari, zimekumbatiana kama samaki wawili wanaokimbizana, na kila samaki ana jicho la rangi ya mwenzake. Mdogo wangu, ambaye sasa anasoma chuo kikuu cha Kabianga, alilitafuta kwenye simu akaniambia linaitwa yin na yang, ni mambo ya Watao, watu wa kale kabisa wa Uchina, na kwamba hawasemi giza ni adui wa mwanga, wanasema vinalala kitanda kimoja. Mimi nikamwambia hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni. Nimekulia mbele ya huo ukuta.

Lakini wakati ule hatukuwa na simu. Tulikuwa na uvumi. Ikasemekana ni alama ya waabudu shetani. Watoto tulikuwa tunapita hapo mbio tumefumba macho, mwenzetu mmoja akaingia mtaroni. Mwishowe Jumamosi moja wazee wanne wa kanisa wakaja na Biblia na chupa ya mafuta, na sisi nyuma yao, maana nani angekosa.

"Mzee, hii alama ni ya nani?" akauliza mkubwa wao.

"Ni ya ukuta."

"Ni ya shetani!"

"Shetani yuko upande gani?" Mkataji akauliza. "Huu mweusi au huu mweupe?"

Mzee wa kanisa hakufikiri. "Mweusi, bila shaka."

Mkataji aliwatazama mmoja baada ya mwingine, wazee wanne weusi kama matako ya sufuria, akasogea kando ya mlango. "Basi karibuni ndani," akasema.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nao wangefanya nini? Waliingia. Akawamiminia mursik. Mnajua mursik yetu: kibuyu husuguliwa ndani kwa makaa ya mti, ndipo maziwa yawekwe yagande, kwa hivyo yakimiminwa yanatoka na michirizi ya kijivu na vipunje vyeusi. Hakuna mtu wa huku anayekataa mursik. Wakanywa.

"Mnayaona majivu?"

"Tunayaona."

"Mbona hamyaombei yatoke?"

Mmoja wao, mtu mwaminifu tu, akajibu, "Yakitoka maziwa yataoza."

"Kongoi," Mkataji akasema, yaani asante, akasimama kuwafungulia mlango.

Kama hadithi ingeishia hapo ningempenda tu na kumaliza. Lakini mwezi uliofuata yule mkubwa wa wazee alikuwa amemwita kupruni chai yake. Mkataji akaenda. Alikata shamba mpaka katikati, mstari umenyooka kama kamba, upande huu mifupa, upande ule kijani, akafuta kisu, akaenda nyumbani asirudi tena. Mzee wa kanisa alimtumia watu, akamwendea mwenyewe, akasimama langoni kofia mkononi. Mkataji alimwambia mke wake, "Mwambie ninapumzika." Lile shamba la nusu kwa nusu lilikaa kwenye mteremko msimu mzima, linaonekana toka barabara ya ng'ambo, na kila aliyepita alicheka. Na ile nusu aliyoikata, wachumaji wote wanakubali, ndiyo chai iliyochipua vizuri kuliko zote mwaka ule.

Sasa kuhusu mke wake. Huyu alikuwa mama mnene, mchangamfu, anayependa kuulizauliza. "Ugali umeiva vizuri?" "Hii rangi inanifaa?" Tulikuwa tunasikia mpaka kwetu. Siku moja, alipokuwa tayari mgonjwa, mama yangu, Mama Nyaboke kwa majirani, alikuwa pale kumsaidia kufua. Yule mama akamuuliza mumewe, kwa utani lakini si utani, "Baba, kwani wewe hunipendi?"

Mkataji alikuwa ananoa kisu. "Nilikuambia mwaka ule tulipooana."

"Sema tena basi. Mama Nyaboke asikie."

Aliendelea kunoa. Mama anasema mke wake alingoja, nguo ikidondosha maji mkononi, halafu akacheka, halafu akaanika ile nguo bila kuikamua. Kabla ya Krismasi alikuwa amefariki. Kwenye mazishi Mkataji alisema, "Alikuwa mke wangu," akakaa.

Lakini kibuyu cha marehemu, kile alichokuwa anagandishia maziwa, Mkataji alikisugua kwa makaa kila Alhamisi kwa miaka yote iliyofuata, akakianika juu ya seng'enge, akakirudisha ndani bila kutia maziwa hata tone. Nilikiona mara nyingi nikienda dukani Mogogosiek. Nilikuwa namkasirikia yule mzee, na bado nilikuwa nasimama kukitazama kile kibuyu kitupu juani.

Nilimkasirikia kwa nini? Nimezunguka sana. Wacha niseme.

Mama alikuwa amenunua kipande kidogo cha shamba kando ya la Mkataji, seng'enge tu katikati. Chai ya pale ndiyo ilikuwa baba yetu, maana baba mwenyewe alirudi Kisii tukamsikia kwa mbali. Chai ilinivalisha, ikanipeleka shule. Ilipofika wakati wa kupruniwa, mama aliahirisha, akaahirisha tena, akitaka kuchuma mpaka dakika ya mwisho amalize karo kabla shule hazijafungwa. Ndipo akamwita Mkataji, mwezi wa Desemba, na hapo jua la Januari liko mlangoni.

"Umechelewa," Mkataji alimwambia, lakini akaja. Alikata siku nne, vizuri, kama kawaida yake. Na alipomaliza alisimama mwisho wa shamba akasema, "Matawi yakae juu ya mashina mpaka machipukizi yatokeze. Jua lisiyaone."

Mara moja.

Mimi nilikuwa ndani nakoroga uji, maneno hayo nilikuja kuambiwa baadaye. Mama anaapa mpaka leo kwamba hakusikia; kuku alikuwa ameingia kwenye unga na yeye alikuwa anamfukuza. Na hata kama sauti ilimfikia, angeielewaje? Mama alijifunzia chai kwenye kambi ya wachumaji. Yeye alijua kuchuma, hakujua kukata. Na kule kambini, siku ya kupruni ilikuwa sikukuu: wanawake walikuwa wanajiiba jioni na kurudi na mizigo ya matawi, kuni za bure, kuni za chai ambazo zinawaka kama zimetiwa mafuta. Kwa akili ya mama, matawi yaliyokatwa kazi yake ilikuwa jikoni. Angeyaacha yaoze shambani kama mjinga?

Kwa hivyo tukabeba. Mimi na yeye, siku tatu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, naimba, nimejipangia maisha: nimalize kidato cha nne, nisomee upishi, nifungue hoteli yangu yenye vitambaa vya meza. Tulibeba mpaka stoo ikajaa, tukapanga nje mpaka dirishani.

Na Mkataji alikuwa kwenye seng'enge. Siku zote tatu. Ameegemea nguzo, kikombe cha chai mkononi.

"Kuni nzuri," alisema siku ya kwanza.

"Nzuri kabisa, Mzee!" mama akajibu.

Siku ya pili aliuliza, "Zinawaka?"

"Kama petroli! Ukitaka nikuletee."

"Hapana. Kongoi."

Siku ya tatu mama alikuwa ameenda sokoni, na mimi nilikuwa nimefunga mzigo mkubwa kunizidi. Nilihangaika nao. Nikauinua mpaka gotini ukaanguka. Mkataji akaweka kikombe chake juu ya nguzo, akapita kwenye pengo la seng'enge, akaushika ule mzigo kwa mikono yake miwili akanitwika. Alihakikisha umekaa sawa kichwani. Hata alinirekebishia kata ya nguo chini yake, mzigo usinikwaruze.

"Umeshika?" akaniuliza.

"Nimeshika, Mzee. Mungu akubariki."

Hayo ndiyo niliyomwambia. Mungu akubariki.

Jua la Januari lilikuja. Mashina yetu yalisimama uchi chini yake wiki baada ya wiki, maganda yakapasuka, yakawa ya kijivu. Kwa Mkataji, upande wa pili wa waya, mistari yake mitatu aliyoikata wakati huo huo ilikuwa imefunikwa, na ukiinua matawi ulikuta vichipukizi vyekundu kama vidole vya mtoto. Kwetu, katika kila michai kumi, ikaota mitatu. Mama alikuwa anakwangua maganda kwa kucha akitafuta kijani. Alikwangua shamba lote. Ndipo mchumaji mmoja mpitaji akamwambia, "Mama, kwani matawi mlipeleka wapi?" na mama akageuka akaitazama stoo.

Kidato cha tatu sikuingia. Mama alinibembeleza ati mwaka mmoja tu, halafu nirudi. Nikasema sawa.

Na jambo moja zaidi, ili niwe mkweli. Pale chai ilipokufa mama aling'oa mashina akapanda nyasi za kulisha, halafu akajichanga na chama chake akapata ng'ombe. Huyo ng'ombe na watoto wake ndio wamempeleka mdogo wangu Kabianga. Siku moja Mkataji alisema hivyo, juu ya waya, kwa utulivu wake: "Unaona, Mama Nyaboke. Chai imekufa, maziwa yamezaliwa. Ni duara moja."

Mama alikuwa na ndoo mkononi. Sijawahi kumwona hivyo.

"Huyo ng'ombe nilimnunua mimi," akasema. "Nikakata nyasi mimi. Usijipe ng'ombe yangu, Mzee. Wewe chukua ile chai iliyokufa. Hiyo ni yako, nakupa."

Aliingia ndani. Mkataji alibaki pale akitikisa kichwa kidogo kidogo, sijui ni kukubali au ni uzee. Nami nilibaki katikati, na nilijua kwamba wote wawili walikuwa wamesema kweli, na kwamba mimi kwenye hilo duara sikuwa nyasi wala maziwa, nilikuwa kitu kilichokaa nyumbani.

Nilimwona tena kwa karibu Januari hii iliyopita. Sasa nina miaka ishirini na minne, ninauza chapati na maharagwe kwenye kibanda sokoni, na kitambaa cha meza kimoja ninacho. Nilisikia amepofuka karibu kabisa, nikamfungia chapati mbili. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki mbele ya stoo, chini ya lile duara ambalo mvua imelilamba mpaka huwezi kujua oili inaanzia wapi. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, limekuwa jeupe lote. La kulia lilikuwa bado jeusi lakini linatazama mahali pasipo na kitu. Nikafikiri, Mungu mwenyewe amemchora, na nikajizuia kucheka.

"Chamgei, Mzee," nikamsalimu.

"Chamgei. Ni Nyaboke. Bado unatembea kama unaimba."

Tukala chapati. Wanawe walikuwa wamekuja Krismasi na kuondoka, na kwa sababu wana nafasi Desemba tu, walileta vijana wa mashine wakapruni shamba lote Desemba hiyo hiyo. Walimwachia mke wa mtoto wa mwisho kumpikia, msichana wa mjini, mpole, ambaye chai aliijua kwenye kikombe. Jua lilikuwa kali mpaka bati linalia.

Ndipo nikamwona huyo mke wa mwana. Alikuwa mwisho wa juu wa shamba, waya za simu zimechomekwa masikioni, anakusanya matawi na kuyafunga mzigo. Nyuma yake kulikuwa na mistari miwili tayari imeachwa wazi, mashina meupe yamechanika, yanatazama jua.

Moyo wangu ulipiga mara moja kwa nguvu, halafu ukatulia. Ajabu ni huko kutulia.

"Nasikia kitu kinaburutwa," Mkataji akasema. "Anabeba nini?"

"Nyasi," nikasema.

Alitafuna. "Nyasi haigongi mawe."

Nikamega chapati.

"Nilimwambia jana," akasema. "Asubuhi."

"Mara moja?"

"Mara moja."

Alikuwa anajua. Alikuwa amekaa pale anaisikiliza chai yake ya miaka yote ikipelekwa jikoni, na anatafuna chapati. Nikamwuliza lile ambalo nilikuwa nimelibeba miaka minane.

"Mzee, mama yangu ulimwona siku tatu. Mimi ulinitwika kwa mikono yako. Kwa nini hukusema?"

Nilidhani atasema alishasema. Lakini alifuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja.

"Siku ya kwanza nilidhani ataacha mwenyewe," akasema. "Siku ya pili niliona haya, kwa sababu ya kunyamaza jana yake. Siku ya tatu," akageuza lile jicho jeupe upande wangu, "siku ya tatu nilipenda."

"Ulipenda nini?"

"Kujua, na nyinyi hamjui. Ni tamu. Wewe hujui jinsi ni tamu."

"Na Mchina je? Maji hayasukumi?"

"Mchina alikuwa mtu mzuri. Maji hayasukumi, lakini yanateremka. Mimi nilisimama."

Mke wa mwana alikuwa anatuita kutoka shambani. Mzigo ulikuwa umemzidi. "Dada! Samahani, nitwike, tafadhali!"

Niliinuka. Nilipita kwenye mashina, nikafika, nikashika mzigo kwa mikono miwili nikamtwika. Alinukia sabuni. Alisema, "Asante, dada, Mungu akubariki," akaenda nyumbani, na mimi nikasimama kati ya ile mistari miwili, jua kisogoni, nikijua kitu asichokijua. Na ilikuwa kweli. Ilikuwa tamu, kama sukari guru, inayeyuka taratibu. Wale wanawe na magari yao. Huyu mzee na kikombe chake. Nilirudi nikakaa kando yake, na yeye hakuniuliza kitu, alitabasamu tu kama tumekutana mahali.

Msichana alirudi akaanza mstari wa tatu. Aliinua tawi la kwanza. Chini yake palikuwa na kivuli, na kwenye kivuli shina lilikuwa na unyevu bado.

"Acha hayo!" nikaita. "Yafunike mashina! Jua litaua chai!"

Hakusikia. Kichwa chake kilikuwa kinacheza na muziki.

Mkono wa Mkataji ulinishika nguo. "Umeshamwambia," akasema. "Kaa."

Nilikaa kidogo. Kweli nilikaa, siwezi kudanganya, labda kwa muda wa kumeza mate. Halafu nikauondoa mkono wake, nikakimbia mpaka kwenye mstari wa tatu, nikamchomoa yule msichana waya masikioni, nikamwambia tena, nikamwambia na mara ya tatu kwa sababu alikuwa ananishangaa. Tukaanza kurudisha matawi. Nyuma yetu nilimsikia mzee anacheka, kicheko kikavu, anapiga paja.

"Mara mbili! Umeshindwa, Nyaboke! Umeshindwa!"

"Nimeshindwa, Mzee!" nikampigia kelele, huku ninatandika.

Mvua za Machi zilipokuja shamba lake lilichipua, jekundu, halafu kijani, mpaka chini mtoni. Yeye hakuliona, lakini alipelekwa akalipapasa. Ile mistari miwili ya juu haikuota. Matawi yake yalikuwa yamekatikakatika jikoni na mengine yamekuwa majivu, na hata tungekimbia hatungeyarudisha. Huwa ninapita hapo nikienda kibandani. Watu husema iliuawa na jua, au na mashine, au na yule msichana wa mjini. Mimi huwa sisemi kitu. Ile miwili ni yangu.